Shimo la Shangazi Kabula

Juzi nilimwona bibi shamba akimimina maji kwenye shimo, apime udongo unavyoyanywa, nikamkumbuka shangazi Kabula.

Alikuwa amefiwa na mumewe huko Runzewe, akarudi kwetu kuomba kipande cha kulima. Mama hakumwamini tangu alipofika. Mchana mmoja nilimnyatia hadi kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga. Alichimba shimo refu, akamimina ndoo nzima ya maji, akainama akinong'ona. Harufu kama ya mvua ikanifikia, na jua lilikuwa kali. Maji yalitoa mlio kama wa mtu anayemeza, yakatoweka. Nilikimbia nyumbani.

“Mama, shangazi analiroga shamba!”

Mama alikwenda na jembe mkononi. “Unamfukia nani humu, wifi?”

“Nahesabu tu, Mama Minza. Maji yakizama upesi, karanga hazitaoza na mihogo itashusha mizizi.”

“Kahesabie kwa marehemu mumeo.”

Majirani walikuwa wamesikia kelele zangu, na kwetu mjane akishatajiwa uchawi hana pa kukaa. Jioni ile alifunga mzigo wake akaondoka. Siku hizi nalima karanga palepale, zinazaa vizuri, na hakuna ajuaye aliko shangazi.