Chakula cha Kufungiwa

Kwetu Tanga mwanamke akipika wali ukagandana, mtaa mzima unapata habari kabla sinia halijafika mkekani. Mimi nilisemwa hivyo nikiwa bi harusi mpya, nikaapa sitasemwa tena. Sasa njoo unione hapa Greyville, Durban: napika wali makusudi ugandane, naumwagia siki na sukari, naupepea kwa kipande cha boksi, halafu najisifu.

Ugonjwa huu niliupatia kazini. Nafanya kazi ofisini kule Westville, na mwisho wa mwaka mmoja bosi alitutoa sote kwenda kula kwenye mgahawa wa Kijapani, ule ambao visahani vinapita mbele yako juu ya mkanda, unanyakua unachokitaka. Niliingia nimenuna, maana habari za samaki mbichi nilishazisikia. Nikaanza kwa uoga na vipande vya tango, nikahamia kwa kamba wa kukaanga, mwishowe nikafumba macho nikamtia mdomoni huyo mbichi mwenyewe na tangawizi yake. Jamani, mtamu! Wiki iliyofuata nikamburuta mume wangu. Alidai yeye hali chakula kisichotoa moshi, lakini visahani alivyorundika mbele yake mpaka nikaona haya.

Basi tukahamishia mambo nyumbani. Mchele wake mfupi na karatasi za mwani tunanunua duka la Wachina mjini. Ile mvinyo yao ya kupikia tunaiacha hukohuko, siki inatosha. Ila kilichoniteka kabisa ni bento, kisanduku cha chakula cha mchana chenye vyumba vyumba ndani. Kila asubuhi najaza vitatu, changu, cha mume wangu na cha binti yetu anayesoma darasa la tatu: matonge ya wali yaliyovikwa mwani, yai la kukunja, kuku wa kukaanga, karoti nilizozichonga zikawa maua. Cha mume wangu nabana na sambusa pembeni. Mjapani akiona sijui atasemaje, lakini hajawahi kuja kukagua.

Ndipo mama mkwe akaja. Baba mkwe alikuwa amefariki, eda imekwisha, na yeye amebaki peke yake kwenye nyumba kubwa Tanga, mlango wa nyuma haufungi vizuri. Mume wangu alikuwa halali kwa kumwaza. Tulimtumia tiketi aje atembee, lakini shabaha yetu ilikuwa moja: akubali kuhamia kwetu. Mimi nilitaka hivyo kuliko hata mwanawe. Mama yangu mzazi sikumfaidi, na huyu tangu nilipoolewa hakuniita mkwe hata siku moja, aliniita mwanangu.

Siku za kwanza nilipika vya nyumbani, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, tukala wote sinia moja chini mkekani. Jumatatu ikafika, kazi na shule. Niliamka mapema nikatengeneza bento ya nne, nzuri kuliko zote, ndani ya kisanduku kipya chekundu. Nikakifunga kwa kitambaa chenye maua na fundo juu, kama nilivyoona kwenye video, nikamwekea mezani. Nikamwambia mama, hiki chako, nimekufungia. Nikambusu mkono, nikakimbilia taksi kabla haijaondoka pale kwenye robot, taa za barabarani. Kutwa nzima nilikuwa na furaha, nikimwaza anafungua lile fundo.

Mchana jirani yetu akanipigia simu. Ni dada wa Bukavu, ana saluni Albert Park, na siku hiyo alikuwa nyumbani.

“Mama iko nafunga valizi,” akaniambia. “Amekuja kuniomba kamba. Munamufukuza?”

Eish. Niliomba ruhusa, nikarudi mbio. Nilimkuta amekaa kwenye kochi na baibui lake, begi limefungwa kamba liko mlangoni, kisanduku kipo mapajani, fundo halijaguswa.

“Sijakasirika, mwanangu,” akasema. “Mmenikirimu vizuri. Ila mngeniambia kwa mdomo.”

Nikaelewa. Kwetu pwani mgeni hafukuzwi. Siku wenyeji wakimchoka, asubuhi anaamkia vitumbua vilivyofungwa kwenye kitambaa, anaambiwa hivi vyako, na mwenyewe anajua ni vya njiani. Bibi yangu alimfungia hivyo mjomba mmoja aliyekaa kwetu mpaka akaanza kutuchagulia mboga. Niliyaona kwa macho yangu haya. Halafu leo mimi, na video zangu za simu, nimemfanyia mama wa watu.

Nilikaa sakafuni miguuni pake nikalia, na huku nalia nikawa nacheka, nikashindwa kueleza chochote cha maana. Aliyeniokoa ni binti yangu, aliyeingia kutoka shule akasimama anatushangaa. Nilipompa kisa kwa ufupi, akatoa kisanduku chake kitupu kwenye begi akamwonyesha bibi yake.

“Mimi wananifungia kila siku, bibi. Na bado nakaa hapa.”

Mama mkwe alimtazama, akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua baibui. Kisha akafungua fundo, akainua kifuniko, akautazama wali.

“Umegandana,” akasema.

Nikamweleza ndivyo unavyotakiwa. Hakubishana, lakini uso ulisema mengi. Akauliza ile karatasi nyeusi ni nini, nikamwambia ni mwani. Hapo ndipo alipochachamaa. Miaka yote ya ujana wake alilima mwani, maji mpaka kiunoni, akiuanika na kuwauzia wanunuzi kwa magunia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kuna watu wanaula. Akaumega, akautafuna taratibu, akasema si mbaya, ila aliyeupika hajui chumvi. Halafu akaagiza sinia. Akakimimina kisanduku kizima juu yake, maua yangu ya karoti yakaenda kila upande, tukala wote kwa mkono.

Baada ya hapo akawa mwenzetu. Tulimpeleka kwenye ule mgahawa wa mkanda, akasoma bismillahi kwa kila kisahani. Vijiti alivisogeza pembeni akala kwa vidole. Mpishi aliyekuwa upande wa pili wa kaunta akatuambia hata Wajapani wenyewe vile vipande wanavila kwa mkono. Habari hiyo alitutesa nayo njia nzima ya kurudi nyumbani. Siku nyingine jirani alituletea bakuli la samaki na sombe, kisamvu cha kwao, nikaliosha nikawa nalirudisha. Mama mkwe akanizuia mlangoni. Akaniuliza nimelelewa wapi mimi, narudisha chombo cha watu kikavu. Akakitia visheti alivyopika mwenyewe ndipo akaniruhusu kutoka.

Lakini kwenye swali letu la kuhamia hakujibu. Mume wangu akimuuliza, anasema tutaona. Viza ikawa inakaribia kwisha, na mimi usiku nageuka tu kitandani. Bento niliendelea kumtengenezea, bila kitambaa. Niliapa sitamfungia tena fundo maishani.

Asubuhi ya safari alinifuata jikoni. Akaweka kile kisanduku chekundu mbele yangu, na kitambaa cha maua juu yake.

“Nifungie,” akasema.

Nikajua ndilo jibu lenyewe, na kwa adabu zake amechagua kulisema kwa lugha yetu. Nilijaza wali, yai, kuku, mwani nikauongeza chumvi kama anavyopenda, nikafunga fundo huku sioni vizuri. Uwanja wa ndege alitukumbatia, akapita na kisanduku chake kwapani, hakugeuka. Mume wangu aliendesha kurudi nyumbani bila kuwasha redio.

Siku mbili baadaye mama mkwe akapiga simu kutoka Tanga. Alinisalimia, akauliza hali ya mjukuu na ya jirani, akalalamikia mlango wa nyuma. Kisha akasema kisanduku changu kipo, ameshakiosha.

Nikamwambia akiweke tu, mama, ni chake.

“Chako,” akasema. “Na mimi sirudishi chombo cha mtu kitupu. Niambie nikitie nini, kabla sijamwita mtu wa kuipangisha nyumba.”

Nilimpa mume wangu simu, akaishika akicheka peke yake, ikabidi niichukue tena. Nikamwambia visheti, mama. Nikamwambia asijisumbue kuharakisha, halafu nikamwomba aharakishe.