Vioo vya Baba Mdogo

Wenzake ofisini walimbandika jina la Bibi Magofu, naye hakukasirika. Wasanifu wote walitaka jumba kongwe libomolewe ili mnara wa makazi upate nafasi. Yeye peke yake alikataa katakata. Akachora mnara unaosimama kwa nguzo zake nyuma ya jumba lile na kulipita kwa juu, kuta nene za zamani zikibaki kuwa ukumbi wa kuingilia. Mchoro ulipendwa, na kichwa kikamvimba kidogo. Tumsamehe, nani asingevimba?

Lakini hayakuwa mapenzi ya magofu tu. Katika chumba cha pembeni cha jumba hilo, baba yake mdogo alikuwa akikata vioo na kutengeneza fremu za picha tangu ujana wake, na tangu afiwe na mkewe alilala humo humo. Ndiye aliyemlea baada ya baba mzazi kufariki. Naye msanifu alimwahidi mzee huyo kwamba hatahamishwa hata siku moja.

Kabla ya uchimbaji wa msingi kuanza, alibandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa za ukuta, kila ncha ikishikwa kwa plasta upande wake. Ukuta ukisogea kidogo tu, kioo hupasuka, na kazi lazima isimame. Vipande vyenyewe alikatiwa na baba mdogo, kwa maringo yote ya fundi.

Kila wiki alikuja kuvikagua, akavikuta vizima. Mhandisi alikuna kichwa: mitambo inatikisa mpaka vikombe mezani, halafu nyufa zimetulia tuli? "Watu wa zamani walijua kujenga," alimjibu, akatia saini ghorofa nyingine ipande. Na nyingine tena. Hata hivyo moyo ulimdunda kila alipoingia kwa baba mdogo, maana mlango ulikuwa umeanza kukwaruza sakafu. Mzee aliupiga randa, na baada ya siku chache ukakwaruza tena.

Asubuhi moja, chumbani kwa mzee, aligusa plasta ya kioo kimoja, ikabonyea. Ilikuwa mbichi.

"Baba mdogo, nani kagusa hivi vioo?"

"Ni mimi, mwanangu." Mzee alicheka kwa haya. "Vinapasuka ovyo. Nikasema wakubwa zako wakiona watakusema kazi yako mbovu. Basi kikipasuka, nabandika kingine. Nikose kioo, mimi?"

"Tangu lini?"

"Tangu walivyoanza kuchimba."

Hakuwahi kumweleza vioo vile vilikuwa vya kazi gani. Aliogopa kumtia hofu, asije akafungasha na kuondoka. Sasa mnara ulikuwa umeshalipita jumba kwa mbali, na kila ghorofa ilikuwa na saini yake. Alitamani kumpigia kelele mzee huyu aliyempenda kuliko mtu yeyote duniani, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Baba, toka nje. Sasa hivi."

"Ngoja basi nivae viatu."

Juu ya fremu zilizotundikwa ukutani, kitu kililia: ta! Halafu kingine, karibu na mlango. Mzee aliacha viatu, akageukia meza yake ya kukatia.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Ninavyo vingine."