Mwenye Televisheni ya Zamani

Usiniamini kwa kunionea huruma. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kyela mjini, saa nane mchana, na sikuwa nimeonja kimpumu wala bia.

Miaka ile ya ruksa nilikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko. Nilianza na televisheni ya nyeusi na nyeupe, niliyouziwa na mjane mmoja wa Ngonga. Nilipopata ya rangi kutoka Tunduma, watu walijaa mpaka wakakaa chini. Ile ya zamani nikaitoa matumbo, kasha nikampa kuku atagie.

Siku hiyo nilikuwa nafagia, peke yangu. Mwanamume akasimama mlangoni.

“Mugonile, tata,” nikamsalimu.

“Televisheni yangu iko wapi?”

“Hii hapa ni ya rangi. Njoo saa kumi, tunaanza.”

“Sikuulizi hiyo. Nataka yangu, aliyokuuzia mke wangu.”

Nikacheka. Mjane, mume katoka wapi? Ndipo nikamtazama vizuri. Nyuma yake migomba ilikuwa kijani kibichi, jua linawaka, lakini yeye hakuwa na rangi. Si nguo tu, ndugu yangu. Kucha, midomo, hata ulimi. Umewahi kuona ulimi wa kijivu?

Ungedhani nilikimbia. Wapi, nilikasirika.

“Nimeivunja,” nikamwambia. “Kuku analalia. Toka kwangu.”

“Niliilimia mpunga misimu mitatu,” akasema taratibu. “Nikaitazama wiki mbili tu.”

Akaja, akanifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Kilikuwa baridi kama tope la jarubani. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, yeye hayupo.

Kesho yake nilikwenda Ngonga. Yule mjane alinisikiliza bila kunikaribisha ndani.

“Alivaa shati la rangi gani?”

“Halikuwa na rangi, mama.”

“Tulimzika na jekundu,” akasema. “Alinikataza kuiuza.” Akafunga mlango.

Jicho hilo mpaka leo linaona nyeusi na nyeupe. Daktari amelipima, anasema ni zima. Mke wangu anajua asinijie kwa upande wa kushoto, maana huko kila mtu anafanana na yule bwana.

Nawe ukiuziwa kitu cha marehemu, usione haya kuuliza. Uliza kama mwenyewe alikubali kukiacha.