Boksi Lisilorudi Tupu

Kilichopotea kilikuwa kichuma kirefu kama kidole cha mtoto, chenye ncha huku na huku. Mama alikiita kimtumbwi kwa sababu ya umbo lake, na kwa sababu ndicho kilichobeba uzi wa chini wa cherehani, kwenda na kurudi. Kilianguka majini siku tuliyohamisha vitu kutoka shambani kwenda Garsen, mwaka ule Mto Tana ulipomwagika mpaka mabondeni kote. Cherehani tuliifunga kamba katikati ya mtumbwi, watu wawili tukaishikilia. Kimtumbwi hakuna aliyekikumbuka. Cherehani ilifika salama, na tangu siku hiyo ikawa meza ya kuwekea taa.

Mama alikuwa akishona sare za shule ya pale. Cherehani yenyewe ilikuwa ya mkono, kuukuu, aliyoachiwa na mama yake kule Ozi. Mafundi wa Malindi na Mombasa niliowapelekea mchoro wa kile kichuma walicheka. Vya siku hizi ni vya duara, walisema, hivyo virefu vilikwisha na wazee wenu. Mwalimu mkuu naye alikuwa mtu wa kusema wazi. Alimwambia mama kwamba angemngojea mpaka shule zifunguliwe Januari. Cherehani isipokuwa imepona, kazi ingekwenda kwa fundi wa Malindi, na fundi akishaingia, kumtoa si rahisi.

Mimi nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, sina kazi isipokuwa kuzunguka. Leo Hola, kesho Kipini. Kwa hiyo kazi ya kukitafuta kimtumbwi ilikuwa yangu, na naona haya kusema kwamba niliipenda kwa sababu ya safari.

Aliyetuonyesha njia ni mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyefundisha hisabati pale shuleni. Alinakili namba iliyochorwa kwenye mgongo wa cherehani, tukaenda naye Malindi, kwenye duka lililokuwa na kompyuta mbili za watalii kuandikia kwao. Huko ndani ya kompyuta akampata muuzaji wa vipuri vya zamani, nchi nyingine kabisa, akalipa kwa kadi yake. Alikataa katakata kurudishiwa pesa. Mwezi wa nane mkataba wake ukaisha, akaenda zake, akaniachia karatasi moja iliyochapwa, risiti ya ununuzi.

Mama aliigeuza ile karatasi juu chini. “Huyu muuzaji anakaa mji gani?”

“Hakuandika mji. Kuna anwani ya barua pepe tu.”

“Hana mji?”

“Anao, mama. Hakuuandika.”

“Mtu anayeficha kwao,” akasema, akanirudishia karatasi kwa vidole viwili.

Mwezi wa tisa ikaja kadi ya posta kwenye sanduku la shule, kwamba mzigo umefika Mombasa na unangoja forodha. Nikapanda basi lililokwenda na msafara wa magari yaliyosindikizwa na polisi, maana barabara ilikuwa na majambazi siku hizo. Dirishani pale forodha alikaa mama mmoja mwenye miwani, mpole, asiye na haraka.

“Kijana, hii ni zawadi au ni bidhaa?”

“Zawadi,” nikasema. Mwalimu alilipa, sisi hatukutoa kitu.

Akaiinua ile karatasi yangu. “Zawadi ina bei?”

“Basi ni bidhaa.”

“Uliinunua?”

“Hapana.”

“Nani kainunua?”

“Mwalimu. Lakini amekwenda kwao.”

“Na jina kwenye mzigo ni la nani?”

“La mama.”

Akavua miwani akaifuta. Nyuma yangu mtu akaguna, “Mwambie ni mahari, tuendelee.” Watu wakacheka, hata yule mama. Mwishowe aliandika bidhaa, nikalipa ushuru, nikatoka na boksi dogo nisijue kama nimesema kweli au nimedanganya. Mpaka leo nikiulizwa swali la namna hiyo huwa nasitasita.

Mama alilifungua boksi mbele ya majirani. Ndani, kwenye pamba nyeupe, kilikaa kichuma cha duara kama kifungo cha koti.

“Hiki si chetu,” akasema.

Jirani yetu, mama wa Kiorma aliyetuuzia maziwa, akakishika akakinusa. “Labda kitarefuka kikitiwa mafuta.”

Nilirudi Malindi. Binti mmoja wa lile duka la kompyuta akaniandikia, maana mimi kwenye kompyuta nilitafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Jibu lilikuja baada ya siku nne, nikilala kwa binamu yangu. Lilikuwa jibu zuri. Muuzaji aliomba radhi. Tukirudishe kile kichuma ndani ya boksi lilelile, juu tuandike namba waliyotupa, nao wakikipokea tu watatuma kirefu. Nikapiga hesabu ya wiki. Desemba ingetukuta tayari.

Na hapa ndipo nilipokosea, ingawa sijui ni wapi hasa.

Kwetu mtu akikuletea kitu ndani ya chombo, chombo chake hakirudi kitupu. Ukiletewa samaki kwenye sufuria, sufuria itarudi na ndizi, au na unga, au hata na chumvi. Mama alikiweka kile kichuma cha duara kwenye pamba yake, akaliangalia boksi, akaona nafasi iliyobaki. Akatoa mchele mpya ambao dada yake alikuwa amemletea kutoka Ozi, akautia kwenye kifuko cha kitambaa alichokishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo ulionyooka.

“Mama, hawa ni wauzaji,” nikamwambia.

“Kwani wauzaji hawali?”

“Walisema turudishe kile kichuma tu.”

“Walisema tusitie kitu kingine?”

Nikaisoma barua tena. Hawakusema.

“Nimrudishie mtu boksi lake hivi hivi, kama niliyegombana naye? Atadhani nimekasirika, atakitupa kimtumbwi changu.”

Posta ya Garsen karani alinipa fomu ya kijani ya kuandika vilivyomo na thamani yake. Niliandika kipuri cha cherehani. Nilipofika kwenye mchele kalamu ikasimama. Thamani yake nini? Haukununuliwa, hauuzwi. Nikauacha. Sikuwa nikificha, nilikuwa sijui mahali pake kwenye fomu.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Malindi mara tatu. Mara ya tatu jibu lilikuwapo. Binti alilisoma, akalisoma upya kwa sauti. Forodha ya kwao ilikuwa imelifungua boksi, ikakuta nafaka isiyotajwa, na nafaka za kigeni haziingii. Walichoma vyote. Muuzaji hakupokea kitu, na kwa kuwa hakupokea, hakuwa na cha kubadilisha.

Nikamwandikia. Nilimweleza habari za sufuria na samaki, nikampa namba ya risiti ya posta, nikaapa hatukuwa na nia mbaya. Binti aliniuliza, “Haya ya samaki nayaandika kweli?” Nikamwambia aandike yote.

Nyumbani mama aliuliza jambo moja tu. “Wameuchoma? Hata hawakuupika?”

Januari shule zikafunguliwa. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, hakutuma mtu, akasimama mlangoni akimtazama mama aliyekuwa akipinda ukingo wa kanzu kwa sindano ya mkono. Wiki iliyofuata watoto walipita mbele ya nyumba yetu na sare za Malindi, na mama akawahesabia mifuko. “Wamewatilia mfuko mmoja,” akasema. “Mimi nilikuwa natia miwili.”

Kimtumbwi kilikuja mwezi wa nne, wakati hakuna tena aliyekingoja. Hakuna barua. Nilimkuta yule mama wa miwani dirishani kulekule Mombasa, na safari hii kwenye mzigo palikuwa pameandikwa kwamba kilichomo hakina thamani ya biashara.

“Haya, zawadi au bidhaa?” akauliza, nadhani alinikumbuka.

Nikamwambia sijui. Aligonga muhuri akanipa bila ushuru.

Mama alikitia mahali pake, akazungusha mkono wa cherehani, na ile sauti ikarudi nyumbani, kavu, ya haraka. Hakushona sare mwaka ule, wala uliofuata. Alishona mapazia na kanzu, na kitu cha kwanza kabisa alichokishona kilikuwa kifuko kipya cha kitambaa. Akakiweka juu ya boksi tupu.

“Sasa hawa tutawatilia nini?”

Niliondoka Garsen muda si mrefu, na miaka zaidi ya ishirini nimekaa miji mingi, hakuna niliokaa sana. Kila mji nikiingia posta, husimama mbele ya lile tangazo la vitu vilivyokatazwa. Mbegu, asali, udongo, ngozi, nyama. Nasoma mpaka mwisho nikitafuta kitu cha kwetu ambacho hakimo. Nikirudi nyumbani, boksi bado liko juu ya kabati, na kifuko juu yake, na mama huuliza kama nimekipata.