Stroberi Nilizozitupa Ng'ambo ya Mfereji

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa hapa Myamba, mwanangu, nimeolewa hata mwaka sijamaliza, nimesimama na jembe juu ya stroberi za mama mkwe wangu. Ukungu ulikuwa unapita polepole katikati ya migomba, na mpaka leo nikifumba macho nausikia ubaridi wake shingoni. Nilikuwa na furaha, jamani! Mama alikuwa amenikabidhi kile kipande cha shamba, na nikikitunza vizuri kingekuwa changu kabisa.

Stroberi zake zilikuwa ndogo, majani yake magumu, yenye vinyweleo. Mimi nilikuwa nimeletewa aina nyingine kutoka Same mjini: matunda makubwa, majani laini yanang'aa. Basi nikang'oa zake zote, nikazitupa ng'ambo ya mfereji. Kuuliza? Thubutu! Mama akapita, akatazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, akaenda zake.

Matunda yalikuja, tena matamu. Halafu kiangazi. Maji ya ndiva, lile bwawa tunalogawana kwa zamu, yakapungua hata zamu yangu haifiki shambani. Majani yakaingia vidoadoa, yakawa rangi ya kutu. Nikageuza moja: utando mwembamba chini yake, na vidudu vidogo kama vumbi linalotembea. Utitiri! Nililia, mwanangu, nililia kweli, maana nilijua kipande changu ndiyo basi tena.

Mama akanishika mkono, akanivusha mfereji. Kule nilikotupa, stroberi zake zilikuwa zimeshika udongo upya, zimesimama kijani kibichi. Utitiri ulikuwapo, nisikudanganye, lakini haba, na miche inazaa tu. Kumbe kila siku alikuwa akizimwagia maji aliyooshea mboga.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nangoja uulize," akasema. "Ungeniuliza siku ile, ningekushikisha hayo majani, uone kwa ugumu wake na vinyweleo vyake utitiri hauyawezi."

Tukazirudisha pamoja, na kipande akanipa. Nilikuwa naona aibu mpaka masikioni.

Sasa wewe juzi umeshusha miche yako kwenye bodaboda, nikakuona unavyozitazama stroberi zangu ndogo. Usibishe! Jicho hilo nalijua, lilikuwa langu. Panda zako, sikukatazi, hata mimi napenda tunda kubwa. Ila za zamani ziache ubavuni. Kiangazi kikianza uwe unageuza majani, utitiri hukaa chini yake. Na kitu ulichokikuta, kabla hujaking'oa, muulize aliyekipanda wakati bado yupo wa kukujibu. Mimi nilikuja kuuliza mfereji umeshakauka.

Haya, shika jembe, kipande sasa ni chako. Mungu aibariki mikono yako, na maji ya zamu yako yafike mpaka mstari wa mwisho. Mimi nipo hapa mlangoni, njoo uniulize.