Kumbukumbu Niliyompa Lambert

Mwaka 2001 nilimpa mwanamume mmoja kumbukumbu ya kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Nusura imrudishe Bukavu.

Naitwa Jeff. Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili London tangu 1993. Sheria ya kazi ni rahisi: mhojiwa akisema "mimi", nawe useme "mimi". Huongezi, hupunguzi.

Niliishi Thornton Heath kwa dada yangu Maureen, mtu wa kanisa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, sijaoa, na sababu ninayo. Hakuna aliyeijua.

Asubuhi hiyo mhojiwa alikuwa Lambert, Mkongo. Aliomba hifadhi kwa sababu anapenda wanaume, na wajomba zake walishamchoma mkono kwa hilo.

Nikatafsiri: "Napenda wanaume." Kiingereza safi. Sikuwahi kuitamka sentensi hiyo kwa lugha yoyote.

Afisa wa uhamiaji akauliza, "Ulijuaje?"

Lambert akainua mabega. "Sijuwe. Mutu anajuwaka tu."

Nilishaona kesi zikifa kwa jibu kama hilo.

Nikafungua mdomo. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, shule ya bweni. Rafiki yangu aliugua malaria. Nikawa namkanda kwa kitambaa cha maji, nikagundua sitaki apone haraka."

Afisa akaandika yote.

Yalikuwa yangu. 1979, kidato cha kwanza.

Wiki sita baadaye wakili wake, Bharti, aliniita nimsomee Lambert barua ya uamuzi. Wakalimani tulikuwa wachache. Hakujua ni mimi niliyekuwa kwenye mahojiano.

Amekataliwa. Maelezo yake ya maandishi yanasema aliacha shule darasa la tano. Kwenye mahojiano anadai alisoma bweni. Haaminiki.

Lambert alinisikiliza mpaka mwisho. "Kaka, mimi nilisomaka bweni? Mama yangu angefurahi."

Hakucheka. "Ulisemaka nini pale?"

Ningeweza kudai sikumsikia vizuri. Lakini hakuna jaji anayeamini kwamba "sijui" inasikika kama shule nzima.

Nikamgeukia Bharti. "Hiyo shule ni yangu."

Akaweka kalamu chini. "Na huyo rafiki?"

"Wangu pia."

"Utayasema hayo mbele ya jaji?"

"Ndiyo."

Siku ya rufaa, mkalimani wa mahakama akaingia. Alikuwa Gaudensia. Anaimba kwaya moja na Maureen.

Nikaapa, nikaeleza kwa Kiingereza. Lambert alikuwa na haki ya kuelewa kila neno, kwa hiyo Gaudensia akamtafsiria, macho yake kwenye kifungo cha shati langu.

"Mimi ni mwanamume ninayependa wanaume. Niliweka maisha yangu ndani ya jibu la Lambert."

Hakuruka kitu. Kazi safi.

Nikamngoja kwenye ngazi. "Dada Gaudensia."

"Ya mahakamani nimeyaacha mahakamani," akasema. "Msalimie Maureen."

Lambert alishinda. Mimi niliondolewa kwenye orodha ya wakalimani, na walikuwa sahihi. Maureen akauliza kulikoni.

"Nilikosea tafsiri."

"Wewe?"

Basi. Nikapata kazi ya ghala, Edmonton, kaskazini mwa London.

Nikangoja siri itoke. Kila Jumapili nilimtazama Maureen usoni akirudi kutoka kanisani. Miezi, halafu miaka. Gaudensia hakusema neno.

Mwaka 2006 sheria mpya ilikuwa imeruhusu wapenzi wa aina yetu waandikishwe rasmi kama wenzi. Lambert akanipigia simu: yeye na mpenzi wake, Ghislain, wanaandikishwa Ijumaa.

"Unakuja na nani, kaka?"

"Peke yangu."

"Uliambia jaji. Dada yako bado?"

"Bado."

"Mimi niliogopaka wajomba wenye moto. Wewe unaogopa mwanamke wa kwaya."

Alikuwa sahihi.

Ijumaa hiyo Maureen alinipigia pasi shati. "Harusi ya nani?"

"Mtu wa kazini."

Akaipiga pasi kola mara ya pili, ikae vizuri.

Nawaandikia mnaodhani ukweli ukisemwa mara moja umekwisha. Wangu niliusema chini ya kiapo, ukatafsiriwa bila kosa, na umo kwenye faili la serikali. Jaji asiyenijua nilimpa dakika kumi. Maureen, aliyenipa chumba kwa miaka kumi na tatu, sijampa hata moja.