Gurudumu Lililojaza Betri

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa kusuka mota kiwandani, na si fundi wa kubabaisha. Mota ikiungua, wenzake walikusanyika na kulaumiana. Yeye aliifungua, akaitazama, akasema, "Beringi ndiyo iliyomuua huyu, msimsingizie waya." Kisha aliketi na waya wake wa shaba akaisuka upya, mzunguko kwa mzunguko, mpaka jioni. Baadaye kiwanda kikaleta mota mpya, zile ambazo zikiungua hutupwa, na fundi naye akatupwa pamoja nazo, kwa barua nzuri ya shukrani na saa ya ukutani.

Tusidanganyane, mtu aliyezoea kazi akinyang'anywa kazi huwa mgonjwa asiye na jina la ugonjwa. Miezi minane fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kazi. Akiletewa chakula, alikula vijiko vitatu. Akiambiwa akaoge, alikwenda akaoga. Mkewe alikuwa msusi wa nywele, akiwasukia wateja barazani, na kila mara alitega sikio kuelekea chumbani, labda atasikia hata kikohozi.

Kilichomwinua ni video aliyoonyeshwa na binti yao alipokuja kuwatembelea. Ndani yake kulikuwa na gurudumu la baiskeli lililobandikwa sumaku pembeni, likizunguka mbele ya koili, likila moto wa betri moja na kujaza nyingine. Msemaji wa video aliapa kwamba halichoki. Fundi aliitazama mara nne. Mara ya tano akaomba karatasi na kalamu.

Basi hapo ndipo ilipoanza habari ya kuchagua. Kila Jumamosi asubuhi alivuka mji kwenda soko la chuma chakavu, akarudi alasiri. Hakununua kitu kwa macho matupu. Beringi aliiweka sikioni, akaizungusha kwa kidole, akasikiliza kama ina mchanga. Sumaku za spika zilizokufa alizijaribu kwa msumari uliofungwa uzi. Iliyouvuta msumari kutoka mbali ilikwenda mfukoni, mvivu alirudishwa kwenye lundo. Zote zilitakiwa zitazame nje kwa upande mmoja, kwa hiyo alimwomba mkewe rangi ya kucha akatia nukta nyekundu kwenye uso uliotakiwa.

"Mzee," muuza chakavu alimuuliza siku moja, "unanunua sumaku au unaposa?"

"Naposa," fundi akajibu. "Na huyu wako ana makengeza. Lete mwingine."

Nyumbani mkewe alimtania. "Mchagua jembe si mkulima, Fundi."

"Ngoja, mama watoto. Mkulima huyu atakuvunia taa."

Koili waliisuka pamoja. Vidole vya fundi vilikuwa vimeanza kutetemeka, na koili ilitaka nyaya mbili zilale sambamba, mizunguko mia nne na hamsini, bila hata mmoja kumpanda mwenzake. Mkewe alivuta kigoda. "Kusuka ni kusuka," alisema. "Nipe hicho kichwa." Wakasuka siku mbili, yeye akipitisha waya, fundi akihesabu kwa sauti. Kila fundi alipopotea, mkewe alimrudisha: "Mia mbili na sita, bwana, unaniibia." Fundi akacheka. Mkewe hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa karibu mwaka mzima. Aliinamia koili ili machozi yasionekane.

Gurudumu likasukumwa kwa mkono, likashika, likazunguka. Fundi aliamini kwamba betri haipimwi kila saa, kama vile sufuria haifunuliwi kila dakika. Siku ya mita ilikuwa Jumamosi, akirudi kutoka sokoni, na hapo ndipo betri mbili zilipobadilishana zamu. Jumamosi ya kwanza alipima na mshale haukupanda. Alikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda, na chakula cha jioni kikalala mezani mpaka kikapoa.

Wiki iliyofuata alibadilisha transista, kile kipuri kidogo kinachoiwasha na kuizima koili. Jumamosi akarudi, akapima kabla ya kuvua viatu. Volti kumi na mbili nukta nne! Alimwita mkewe kwa sauti ambayo hata majirani walitoka. "Hongera, Fundi," mkewe alisema, akijifuta shingo kwa kanga. Usiku huo taa na redio ziliendeshwa na betri ile, na fundi akala sahani mbili.

Tangu hapo kila alichokichagua kilileta jibu. Aliongeza sumaku nane, betri ikapanda. Aliweka beringi ya mashine ya kufulia, nzito na yenye kelele, betri ikashuka. Beringi hiyo akairudisha sokoni, akaweka ya baiskeli, betri ikapanda tena. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Jicho hili halikosei." Mtaani wakampa jina la Bwana Gurudumu, naye akalivaa kama koti jipya. Aliwahutubia watu. Sitaficha, alikuwa anachosha. Lakini alikuwa hai.

Mkewe alianza kulalamika shingo. "Ni huko kuinamia vichwa vya watu," fundi alisema, akamkanda kidogo, kisha akarudi kwenye gurudumu lake. Nguo za mkewe zikatokea matundu madogomadogo, na fundi akaenda kumfokea muuza sabuni wa watu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na shingo ya mwenzio nayo ni hivyo hivyo.

Mkewe alishikwa na kifua Jumapili. Hospitalini daktari aliuliza kama huwa anabeba vitu vizito. "Hapana, daktari," fundi alijibu kwa niaba yake. "Kazi yake ni ya kukaa." Mkewe alimtazama tu, akampapasa mkono. Jumatano alikuwa ameshazikwa.

Gurudumu liliendelea kuzunguka katika nyumba ya msiba. Jumamosi fundi akapima, mshale ukashuka. Jumamosi ya pili betri zote mbili zilikuwa zimelala, na taa ikafifia mpaka ikawa wekundu mtupu, ikazimika. Fundi alikaa gizani akifikiri kifundi. Kitu hakifi hivihivi. Kina kipuri kilichochoka. Kipuri kikipatikana, gurudumu litajaza, na likijaza, basi kazi moja ya mikono yao wawili itakuwa bado inaendelea humo ndani. Hakuwa na kingine. Alimwambia binti yake kwenye simu bila kuzunguka: "Likizunguka nahisi mama yako yupo barazani."

"Baba, njoo ukae kwetu."

"Nikishalitengeneza."

Akaanza kuchagua upya, na safari hii alichagua kama mtu aliyeshikiwa kisu. Alibadilisha transista mara tatu. Alizibandua sumaku zote, akanunua nyingine. Beringi, nyaya za kuungia, hata vijiti vya kuchomelea vilivyojaa katikati ya koili alivitoa akaweka vipya. Betri hazikupanda. Muuza chakavu, ambaye sasa alimhurumia, alisema, "Mzee, umeshabadilisha vyote. Imebaki koili."

"Koili hapana."

"Ifumue uisuke upya."

"Nimesema hapana." Koili ile ilikuwa na vidole vya mkewe ndani yake. Heri betri ndiyo iwe mgonjwa, aliwaza, na wazo hilo likampa nguvu. Alikumbatia betri moja tumboni akaipeleka mtaa wa nyuma, kwenye banda la mtu aliyeitwa Chaji, aliyekuwa akiwajazia watu betri. Alipumzika njiani mara saba. Enzi za fahari yake aliwacheka watu kama Chaji, akiwaita wachuuzi wa moto wa kuazima.

"Nipimie hii," alisema. "Haishiki moto. Nataka kujua kama ni nzima."

Chaji hakumtazama yeye, aliitazama betri. Kwenye mshikio wake kulikuwa na uzi wa kusukia nywele, umefungwa fundo. "Hii si ya yule mama wa beseni?"

"Mama gani?"

"Msusi. Alikuwa akinileteaga kila Jumamosi, hii na mwenzake kwa zamu. Asubuhi analeta, mchana anaifuata. Wiki nyingi sasa simwoni. Hajambo?"

Fundi alimwambia. Chaji akakaa juu ya kreti, mikono ikining'inia. "Pole, mzee wangu. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Alikuwa akiileta kufanya nini?" fundi aliuliza. Alishajua. Alikuwa anajitafutia dakika moja zaidi.

"Kuchaji, mzee. Hapa hakuna kazi nyingine." Kisha Chaji, akidhani anamfariji mfiwa, akaanza kutabasamu. "Mteja yule alikuwa na maagizo! Wengine husema jaza, basi. Yeye mara, 'Leo isijae sana, Chaji, atashtuka.' Mara, 'Ongeza kidogo, mume wangu kapata sumaku nane, kazichagua kutwa nzima.' Kuna wiki alisema, 'Hii iache na njaa. Ameleta beringi inapiga kelele, sijalala siku saba. Nataka airudishe.'"

Kicheko kilimtoka fundi kabla hajakizuia, kikubwa, cha kweli, kwa sababu alimsikia mkewe mwenyewe katika maneno yale. Halafu kikakatika, na akalia pale mbele ya betri za watu, mdomo wazi, bila kujifunika. Hakuna sumaku aliyowahi kuichagua vizuri. Kila kipuri kilichofanya kazi, kilifanya kazi kwa shingo ya mkewe.

"Kumbe mume ndiye wewe," Chaji alisema taratibu. "Mimi nilimwambia, mama, si umweleze tu? Akasema, 'Nimweleze nini, naye ndiyo kwanza ameanza kumaliza chakula?'"

Fundi alifuta uso kwa shati. "Kwa hiyo betri ni nzima?"

"Nzima kabisa. Ina njaa tu. Iache, nitaijaza, sitaki kitu kwako."

"Alikuwa akiibebaje?"

"Kichwani. Ndani ya beseni, nguo juu, watu wadhani anakwenda kufua, japo tindikali ya betri ilikuwa ikizitoboa."

"Nitwike, hivyo hivyo na njaa yake."

"Mzee, hutafika."

"Nitwike, Chaji."

Chaji alikunja gunia, akaliweka juu ya mvi zile, akainua betri kwa mikono miwili, akaishusha polepole. Shingo ya fundi ikazama mabegani. Maumivu yalianzia chini ya masikio yakashuka hadi kifuani, na bado hajapiga hatua hata moja. Chaji hakuiachia.

"Na nyumbani nani atakutua?"

Fundi aliishika betri pande zote mbili.

"Na yeye nilikuwa namuuliza hivyo hivyo," Chaji alisema. "Kila nikimtwika. Mama, hapa nipo mimi, huko nani anakutua? Akawa ananijibu neno moja wiki zote: 'Mume wangu yupo.'"

"Sikuwapo," fundi alisema chini ya mzigo. "Jumamosi zote hizo, Chaji, sikuwapo."

Chaji akaiachia betri, na fundi akaanza kutembea kuelekea nyumbani.